Jibini Lililokwenda Nyamuswa

Siku tuliyomzika Sista Skolastika, kule kwa masista juu ya kilima upande wa Butiama, palikuwa na sahani moja mezani ambayo hakuna aliyeigusa. Watu walipanga foleni, wakachota pilau, wakachota nyama na kabichi, wakafika kwenye ile sahani wakairuka kama dimbwi la maji barabarani. Mbele yangu alikuwa mwanamume mmoja mwenye ndevu, wa ukoo wa marehemu, aliyekuja na basi kutoka Nyamuswa. Aliinama akanusa, akarudi nyuma ghafla hadi akanikanyaga. "Samahani babu," akasema. "Hii kitu imeharibika. Wangeitoa tu, itatia aibu msiba." Nilikuwa natazama kile kipande kwenye sahani, weupe wake ulioelekea kwenye manjano kama samli iliyoganda asubuhi ya baridi, na ndani yake ile mishipa ya buluu, mingine minene, mingine myembamba kama uzi, inapita huku na huku na kukutana. Nilikuwa sijauona uzuri huo kwa zaidi ya miaka arobaini. Upande wa pili wa meza alisimama mwanamke mwenye nywele zilizojaa mvi, kitenge kiunoni, kisu mkononi, ananitazama. Nilimjua kabla hajasema lolote. Alikuwa Nyangeta.

Mwaka ninaoukumbuka ulianza nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yangu yakawa si ya kunipeleka mbele. Masista walikuwa wanatafuta mtu wa kupokea maziwa. Kila asubuhi wafugaji walifika kwa baiskeli, madumu yakining'inia kulia na kushoto, nami kazi yangu ilikuwa kufungua kila dumu, kunusa, kuonja tone moja, na kusema ndiyo au hapana. Mimi ni Mjita, mtoto wa kando ya ziwa, na wafugaji wale hawakuacha kunitania. "Leo anayetupimia maziwa ni mvuvi!" walisema. "Angalia asitafute magamba humo ndani." Nilicheka nao. Lakini utani ule, wa kwamba sisi watu wa ziwani tunanuka samaki na hatujui maziwa, uliniingia zaidi ya nilivyoonyesha. Nasema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nikosee baadaye.

Nyuma ya jiko la masista kulikuwa na mawe mawili makubwa ya kwetu Mara, yale yanayoegemeana kama watu wanaoteta. Katikati ya mawe hayo Sista Skolastika alikuwa amejenga chumba. Ukuta wa mbele ulikuwa wa nyavu mbili za waya zenye mkaa katikati, na mkaa huo ulimwagiwa maji asubuhi na jioni, hivyo upepo ulioingia ulikuwa umepoa. Nje jua lilichoma, ndani ulitamani sweta. Kwenye rafu za mbao yalikaa majibini yake, mabonge ya duara ukubwa wa kibuyu kilichokatwa kichwa, na humo ndimo ilimotoka ile harufu. Sista mpishi aliilalamikia kila siku. "Skolastika, leo tena tumesali na chizi yako kanisani," nilimsikia akisema dirishani. "Mungu ndiye aliyeumba ukungu," akajibiwa, "mwache naye aje kusali." Walicheka wote wawili, kisha mpishi akaomba asogezwe angalau kiti kimoja mbali na upepo wa upande ule.

Sista alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, mzaliwa wa Nyamuswa. Shirika lilikuwa limempeleka ng'ambo akakae na masista wa huko milimani, na alirudi na ufundi huo mmoja. Ukungu wake aliukuza kwenye mkate. Mkate wenyewe aliuweka mahali penye unyevu mpaka ukawa wa buluu ndani na nje, akaukausha, akausaga, akauchanganya unga wake kidogo sana kwenye maziwa yanayoganda. Kisha chumvi, kisha kugeuza kila bonge kwa mkono. Halafu ikaja kazi niliyoipenda kuitazama kuliko zote. Alichukua sindano ndefu ya kushonea magunia ya pamba, aliyopewa na mtu wa Bunda, akaichemsha, akalitoboa bonge mashimo mengi kutoka upande hadi upande. Nilidhani analiharibu. "Ukungu nao unahitaji kupumua," aliniambia. "Bila hewa unabaki mweupe, hauna habari yoyote. Mimi nafungua njia tu. Njia nikishaifungua, unatembea wenyewe."

Siku ya kwanza aliponionjesha nilikuwa nimekaa juu ya dumu tupu, nina njaa, nikanyoosha mkono nipokee kama ninavyopokea kiazi. Akaurudisha mkono wangu. Alikata kipande akakiweka kwenye kibao, akaendelea na kazi zake, mimi namtazama. Nikauliza kama nimekosea kitu. "Acha kwanza itoke baridi," alisema. "Chizi ya baridi ni kama mtu aliyeamshwa sasa hivi, haina cha kukuambia." Kipande kilipoanza kung'aa kidogo pembeni, mafuta yakitokeza, ndipo aliponiita. Alitaka kwanza nikiangalie, niuone ukungu kama ulivyofuata njia za sindano, kisha ukaziacha na kutafuta nyufa zake wenyewe. Halafu ninuse, si mara moja, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza pua inaogopa. Halafu ndiyo nile. "Usitafune kama mahindi. Ibandike juu, kwenye paa la mdomo. Funga mdomo. Pumua kwa pua. Subiri."

"Nasubiri nini, Sista?"

"Utaniambia wewe."

Nikasubiri. Kwanza ilikuja chumvi, kavu, kama ya sangara aliyekaushwa juu ya mawe. Nikafikiri ndiyo basi. Kisha mafuta yakaanza kuyeyuka, laini, mazito, nikaikumbuka samli. Chini ya samli ikatokea ile buluu yenyewe. Sina neno moja la kuitaja. Ilichoma pembeni mwa ulimi bila kuwa pilipili. Ilikuwa na ukali wa chuma, na harufu yake ilipanda ndani ya pua kama harufu ya mawe yetu mvua ya kwanza inapoyapiga. Nilitaka kutema na nilitaka ibaki, yote kwa pamoja. Nikameza. Nilipodhani imekwisha, ndipo ulipokuja utamu, mdogo, wa mbali, kama wa karanga mbichi, ukakaa mdomoni wakati nikipanga madumu, ukakaa wakati nikifagia. Chakula cha kwetu nakipenda, lakini chakula chenye mwanzo, katikati na mwisho nilikuwa sijawahi kukutana nacho. Nilimwambia Sista maneno karibu na hayo. Alifuta mikono kwenye aproni polepole. "Basi nimepata mtu," akasema.

Tulilila jibini kila wiki baada ya hapo, mimi na yeye, na nilijifunza kutofautisha. La msimu wa mvua, ng'ombe wakila majani mabichi, lilikuwa la manjano zaidi na laini, utamu wake ulifika haraka. La kiangazi lilikuwa kavu, lilivunjika, na buluu yake iliuma zaidi. Tuligundua pamoja kwamba mwenzake mzuri ni michembe iliyochemshwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kila nyumba ya huku inavyo. Kipande cha mchembe chini, jibini juu yake, tone la asali. Sista alifumba macho alipoonja mara ya kwanza. Alisema kule ng'ambo walimfundisha kulila na mkate na matunda, na yeye miaka yote hiyo alikuwa akijisikia anakula kwa adabu za watu. Sasa ndiyo limefika nyumbani.

Lakini nyumbani lilikuwa halijafika, na hilo ndilo lililomuuma. Mabonge yake yalikwenda kwenye hoteli za mbugani, yakaliwa na wageni. Watu wake mwenyewe wa Nyamuswa hawakuwahi kuonja. Kaka yake, Mzee Wambura, hakuwahi hata kukanyaga pale kilimani. Skolastika alipoingia utawani, ng'ombe wa mahari ambao wangekuja kwa ajili yake hawakuja, na Wambura, aliyekuwa akiwategemea ng'ombe hao ili naye aoe, alikaa kapera hadi wenzake wote walipokuwa na watoto wa kuchunga. Sista hakumlaumu. Aliniambia hivi mara moja tu, akiwa anageuza mabonge: "Kaka yangu hakupata kitu chochote kutoka kwangu. Nataka ale kitu cha mkono wangu. Kimoja tu."

Binti wa huyo Wambura alikuwa Nyangeta. Alikuja kukaa na shangazi yake miezi michache ajifunze kushona. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na siku nilipompa jibini kwa mara ya kwanza, tukiwa tumekaa juu ya mawe nyuma ya kile chumba, alilitema kwenye majani. "Masatu, hii inanuka soksi za bweni!" Nikamweleza paa la mdomo, nikamweleza pua, nikamweleza kusubiri. Nilijiona mwalimu. Siku ya pili alijaribu tena. Siku ya tatu sikumpa, akaja mwenyewe kuomba. Tulikaa pale mchana wa jua kali, kila mmoja amefunga mdomo, tunapumua kwa pua na kutazamana, hadi mmoja anashindwa na kucheka. Wakati anaondoka kurudi kwao tulikuwa tumeshakubaliana kwamba nitakwenda kumwona baba yake.

Sista alipojua, alifurahi kuliko sisi. Alichagua bonge la mvua lililokaa vizuri kuliko yote, akalikata mbele yangu. Mishipa ilikuwa imesambaa hadi pembeni, sawasawa, bila sehemu tupu. Alifunga robo kwenye jani la mgomba na kitambaa safi. "Mwambie ni mkono wangu," alisema. "Na wewe uonje kwanza mbele yake, aone. Wewe ukila, atakula."

Nilikwenda kwa basi, kisha nikatembea. Mzee Wambura alinipokea nje, karibu na zizi, amekaa na majirani zake wawili. Alikuwa na mikono ileile mipana ya dada yake. Salamu zilikuwa nzuri. Kisha upepo ukageuka, na mmoja wa wale majirani akainua pua. "Ee, huyu Mjita amekuja na samaki wake!" Mwingine akasema, "Samaki gani, huyo ni marehemu wa samaki." Wakacheka. Nilihisi masikio yangu yamepata moto. Nikafungua kitambaa. "Siyo samaki, baba. Ni chizi. Ni Sista ametengeneza. Amesema nikuambie ni mkono wake."

Mzee Wambura hakucheka. Alilitazama kwa muda mrefu. "Yaani maziwa yamewekwa mpaka yameota majani," jirani akasema, akashika tumbo. Mzee akainua mkono anyamaze. Akatoa kisu chake, akakata kipande kidogo, akakishika kati ya vidole viwili. "Mkono wake," alisema, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akanigeukia. "Wewe kule unakulaga hii?"

"Nakulaga, baba."

"Haya. Onja. Ukila, na mimi nakula."

Pale kwao, kijana aliyekuja kwa ajili ya binti hali mbele ya baba mkwe kabla ng'ombe hawajafika. Nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba ninajua. Ndiyo maana akaongeza, "Mimi mwenye boma nimekuruhusu." Hapo hapakuwa na kizuizi tena. Kilichobaki ni kunyoosha mkono. Lakini wale wawili walikuwa wananitazama wakiwa wameshaandaa kicheko, na mimi niliona jinsi itakavyokuwa: mvuvi ameketi kwenye boma la watu wa ng'ombe anatafuna kitu kinachonuka, na kesho habari iko kila mahali. Nikainamisha kichwa. "Baba, hata ukiniruhusu, mimi mbele yako siwezi kula. Ni heshima."

Wakapiga makofi. "Huyu amefundwa!" walisema. "Mjita mwenye adabu hivi, umeona wapi?" Mzee Wambura alikishika kile kipande muda kidogo zaidi, kisha akakirudisha kwenye jani, polepole, kama mtu anayeweka yai. Alimwita Nyangeta. "Peleka hii. Wape mbwa." Alikuja, akachukua, hakunitazama. Kutoka nilipokaa niliuona mlango wa jiko. Alisimama humo ndani, akachukua kile kipande alichokikata baba yake, akakiweka mdomoni, akafunga mdomo. Akanitazama moja kwa moja, akapumua kwa pua. Akasubiri hadi mwisho, bila kucheka.

Alinisindikiza hadi njia ya basi. "Baba amekukubali," alisema. "Anasema una adabu sana."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuona unameza mate, Masatu. Ulikuwa unaitaka kabisa." Akapiga hatua chache. "Siku moja na mimi nitakuja kwenu, kwenye boma la watu. Watacheka kitu changu. Sijui siku hiyo utainamisha kichwa wapi." Akageuka akarudi.

Ningeweza kuishia hapo na kosa moja. Nilipofika kilimani Sista alikuwa mlangoni. "Alikula?" Aliuliza kabla sijatua begi. Nikasema alikula. "Alisema nini?" Nikasema alisema ni tamu, nikaongeza kwamba alilila na michembe. Akakaa juu ya dumu la maziwa, akacheka, akalia, akamwita mpishi aje asikie. Tangu siku hiyo bonge moja lilikaa rafu ya juu, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, kwa sababu ni la kaka siku atakapokuja.

Na kaka alikuja. Kabla mwaka haujaisha, Mzee Wambura alipanda kilima kumrudisha Nyangeta, aliyesema anataka kujifunza kazi ya shangazi, si kushona. Mimi nilikuwa namwagia maji ukuta wa mkaa, nikawasikia kupitia humo. Sista alimwambia lile la rafu ya juu ni bora kuliko lile alilokula. "Lipi?" mzee akauliza. "Mimi sijawahi kula. Yule kijana alikataa, na mimi nikaacha." Baada ya hapo sikusikia maneno, nilisikia tu maji yangu yakichuruzika kwenye mkaa.

Sista hakunifukuza. Alinikuta jioni ninaosha madumu, akasimama karibu. "Ungeniambia alikataa ningeibeba," alisema. "Kukataliwa nimezoea. Lakini hakukataa, Masatu. Alikuwa anakungoja wewe." Akachukua dumu moja akanisaidia kuosha. Wiki hiyohiyo niliaga, nikaenda Musoma, nikapata kazi nyingine, nikaoa, nikazeeka hukohuko mjini, mtaa wa Kitaji. Nyangeta niliambiwa aliolewa Manyamanyama, pale Bunda, na kwamba kila wiki alipanda kilimani. Mimi sikupanda. Siwezi kusema njia ilikuwa mbali.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimeshika sahani ya pilau. "Masatu," Nyangeta alisema, "unazuia foleni." Sauti ilikuwa ileile ya kuita ng'ombe, imekwaruza kidogo tu. Nilimuuliza, kwa sababu nilijua nisipouliza pale sitauliza tena, kama baba yake aliwahi kula. "Alikula," alisema. "Meno yalikuwa yamekwisha. Nilikaa mbele yake nikala kwanza, shangazi akiwa pale pale, kisha akafungua mdomo. Alisema ina chumvi nyingi. Halafu akaomba tena." Alikifuta kisu kwenye kitenge. "Hili nimelitengeneza mimi. La mvua hizi. Shangazi alilionja akiwa kitandani."

Yule mwenye ndevu alikuwa bado amesimama, ananitazama mimi na sahani kwa zamu. "Babu, kumbe unaijua hii kitu? Inalika kweli?" Nyuma yake foleni nzima ya Nyamuswa ilikuwa inasikiliza, na wawili watatu walishaanza kutabasamu. Hapakuwa na baba mkwe. Hapakuwa na adabu yoyote ya kujifichia. Nikaweka pilau chini, nikachukua kipande, si kidogo, nikakiangalia, nikakinusa mara mbili. Nikakibandika juu, nikafunga mdomo.

Chumvi ilikuja, kisha samli, kisha buluu ikapanda na harufu ya mawe ya kwetu yaliyonyeshewa. Lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kuliko yote niliyokula na Sista, na mtu aliyelifanya alikuwa mbele yangu, naye amefunga mdomo, ananisubiri.

"Enhe, babu?" yule mwanamume akasema. "Ikoje?"

Nikamwinulia kidole asubiri, maana ule utamu wa karanga ulikuwa bado haujafika. Hakusubiri. Alinyoosha mkono akachukua kipande chake.